Doa Jeupe Kwenye Magugu

Waliaula alipofika Kisumu mwaka wa 1981 kutoka upande wa Bungoma, kazi yake ilikuwa kuandika majina ya maduka. Hoteli za chai za mtaa wa Obunga, vinyozi, mafundi wa baiskeli, wote walimjua. Mkono wake ulikuwa umetulia na herufi zake zilisomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Angeweza kuishi hivyo mpaka uzeeni. Lakini siku moja alitumwa kuandika jina ubavuni mwa mtumbwi, kwenye bichi ndogo nje ya mji, na alipomaliza herufi ya mwisho akainua kichwa.

Wanawake walikuwa wametandaza omena juu ya nyavu kuukuu, eneo zima la ufuko, na jua la asubuhi lilikuwa linawapiga wale samaki wadogo. Waliaula hakuona samaki. Aliona vipande vya fedha na vipande vya kijivu vikifuatana, vikikatwa na mistari ya nyavu, na vivuli vya wanawake vikipita juu yake huku na huku. Alisimama pale mpaka mwenye mtumbwi akamwuliza kama anaumwa.

Mmoja wa wanawake wale alikuwa Awuor, na baadaye Waliaula akaenda kumposa. Wazee wa kwao hawakumtaka mkwe Mluhya, tena mtu wa rangi za makopo. Ndugu yake Awuor, mvuvi aliyeitwa Oketch, ndiye aliyemtetea.

"Hajui kutupa wavu," Oketch aliwaambia, "lakini hanywi, na akikuahidi kitu anakileta. Mpeni."

Wakampa.

Kuchora alijifundisha mwenyewe. Padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia sanduku la rangi za mafuta, na zilipokwisha Waliaula alikuwa amekwisha kunaswa. Kusini ya bichi kulikuwa na rasi iliyojaa mafunjo, na nyuma ya rasi hiyo kulikuwa na jiwe kubwa lililotazama ghuba. Hapo ndipo alipokaa kila jioni, miaka na miaka.

Alikuwa na namna yake. Kwanza alipaka turubai lote rangi ya udongo mwekundu, maana ziwa, alisema, lina udongo chini yake hata likionekana la buluu. Kisha alifinya macho mpaka vitu vipoteze majina. Mtumbwi ukaacha kuwa mtumbwi, mtu akaacha kuwa mtu, vikabaki mwanga na giza. Alitafuta mahali penye giza kuliko pote na mahali penye mwanga kuliko pote. Vingine vyote vilikuwa kati ya hivyo viwili. Halafu alinyoosha mkono na brashi mbele yake, juu kabisa, akapima umbali wa kitu hadi kitu. Mwisho alitafuta mahali pa jicho kupumzika. Picha isiyo na mahali hapo aliichana.

"Ukishajua jina la kitu, umeacha kukiona," alipenda kusema.

Oketch alipita pale akitoka kutega, akachungulia.

"Shemeji, huyu hapa ni mimi?"

"Hapana. Hicho ni kivuli cha tanga."

"Na mimi niko wapi? Nimepita mbele yako saa hii."

"Hukuwa na mwanga."

Oketch alicheka mpaka akashika magoti, akaenda kuwasimulia wenzake. Alimpenda shemeji yake. Kila alipopata samaki wa ngege, mnono, alimpelekea Awuor, akisema, "Mpe huyu mtu wako ale, macho yake yanafanya kazi sana."

Hoteli za mjini zilianza kununua picha zake, kisha watu wa Nairobi. Waliaula akaacha kuandika maduka. Na jinsi alivyozidi kusifiwa ndivyo ile namna yake ya kutazama ilivyozidi kuingia nyumbani. Binti yao, Milka, alipokuwa mdogo alishikwa na homa kali jioni moja. Awuor alikuwa amempakata, anamwita mumewe alete maji. Waliaula alisimama mlangoni na ndoo mkononi. Mwanga wa jua lililokuwa linazama ulipenya dirishani, ukatua kwenye paji la mtoto lililolowa jasho, na paji likang'aa kama shaba.

"Leta maji," Awuor alisema.

"Ngoja kidogo. Usimsogeze."

Alimngojesha. Mtoto akapona, na Awuor hakulisema jambo hilo kwa mtu. Lakini tangu siku hiyo, mumewe alipomtazama sana, alikuwa anageuza uso.

Magugu maji yalianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya tisini, vishada vichache vyenye ua la zambarau, na watoto waliyachuma wakaenda nayo nyumbani. Kufikia mwaka wa 1997 ghuba ilikuwa imefunikwa. Upepo wa alasiri uliyasukuma kuelekea nchi kavu, upepo wa usiku ukayarudisha ndani, na mtumbwi uliokutwa katikati haukuwa na pa kwenda. Yalikuwa mazito kiasi cha kushinda kasia, na mepesi kiasi cha kumzamisha anayethubutu kuyakanyaga. Wavuvi walijifunza. Pale bichi paliwekwa kamba ndefu, mapanga, na mtumbwi wenye injini. Mtu akiona wenzake wamenaswa alipiga filimbi na watu wote wakatoka. Wengi waliokolewa hivyo.

Bichi nzima iliyalaani magugu yale. Waliaula peke yake aliyafurahia. Awuor alikuwa hana samaki wa kuuza, anahesabu unga kwenye mkebe, na mumewe anaimba akichemsha chai.

"Umeona ile mistari ya maji inavyopasua kijani?" alimwambia. "Zamani ziwa lilikuwa linanikimbia. Sasa limetulia, linanifundisha."

"Linaua watu," Awuor alisema.

"Najua. Nasema mistari."

Mwezi wa kumi mwaka huo alikuwa na turubai kubwa kuliko yote aliyowahi kushika. Kijani kilikuwa kimekaa sawa, nyufa za maji zilikuwa zimekaa sawa, lakini jicho halikuwa na pa kupumzika. Alikaa jioni kadhaa akiitazama, akikaribia kuichana. Kisha jioni moja, jua limeinama, doa jeupe likatokea upande wa kulia, mbali, katikati ya magugu.

Lilikuwa mahali pake hasa. Waliaula alihisi mwili wote ukimsisimka. Alikoroga nyeupe na manjano kidogo, akaongeza wekundu kidogo sana. Lile doa lilikuwa linacheza, mara huku mara kule, na likamuudhi.

"Tulia," alinong'ona.

Alinyoosha mkono na brashi juu, akapima kutoka kwenye doa hadi kwenye ukingo wa vilima. Na doa likatulia. Likasimama wima, halitikisiki, kama lililotii. Alichora kwa haraka, jasho likimtiririka mgongoni, na jua lilipogusa maji picha ilikuwa imekamilika. Alifunga sanduku lake akapita njia ya mafunjo. Pale bichi wavuvi walikuwa wamekaa karibu na mtumbwi wa injini, wanacheza bao. Walimsalimu. Aliwaitikia, akapita.

Giza lilikuwa linaanza kuingia alipokuwa anaosha brashi uani, na Agneta akaja. Agneta alikuwa mke wa Oketch. Alikuwa na mtoto mgongoni na alikuwa anahema.

"Awuor, mume wangu hajapita hapa? Yeye na mwenzake Walter walienda kutoa nyavu tangu mchana. Wenzao wote wamerudi."

"Hajapita," Awuor alisema. "Umeuliza bichi?"

"Hawajawaona. Wanasema labda wamelala visiwani."

Waliaula alikuwa ameshika brashi ndani ya kopo la mafuta ya taa. Wakati huo ndipo lile doa lilipopata jina. Lilikuwa shati. Alifungua mdomo. Upepo ulikuwa umeanza kugeuka, majani ya ndizi yalikuwa yanaelekea ziwani, lakini injini ilikuwepo, watu walikuwepo, na yeye alijua mahali. Kisha akawaza watakavyomwuliza: uliona saa ngapi, na mbona ulipita hapa ukatusalimu tu. Akaufunga mdomo, akaendelea kuosha.

"Watakuwa visiwani," alisema.

Agneta alirudi kwake. Usiku ule dhoruba ilishuka kutoka vilima vya Nandi.

Asubuhi walimkuta Walter ameshikilia mtumbwi uliopinduka, midomo imekauka, hawezi kusema. Oketch hakuonekana. Wavuvi wote waliacha kutega wakamtafuta, maana ufuko ule hauvui ziwa likiwa limeficha mtu. Waliaula naye alikwenda. Alishika mti mrefu akapekua magugu pamoja na wengine, na mtu aliyemwona alisema shemeji huyu ana uchungu kweli. Walimpata baada ya siku kadhaa, upande wa mafunjo, mizizi ya magugu imemzunguka shingoni. Hakuwa na shati.

Wakamzika. Wageni walipokwisha kutawanyika, Walter alikuja nyumbani kwa Waliaula. Alikuwa kijana mpole, amekonda, na alikaa ukingoni mwa kiti. Awuor alimletea uji. Walizungumza Kiswahili, kwa sababu Waliaula, miaka yote hiyo, hakuwahi kushika Kijaluo vizuri.

"Mzee, mimi sikuja kugombana," Walter alisema. "Nataka kuuliza tu. Ile siku, wewe uliona sisi?"

Waliaula alianza kukwangua rangi iliyoganda kwenye kucha yake.

"Sisi tuliona wewe. Pale kwa jiwe. Oketch alivua shati, akaweka kwa ule mti wa kusukuma mtumbwi, akapepea. Alipepea mpaka mkono ukachoka. Halafu wewe ukainua mkono juu, hivi." Walter aliunyoosha mkono wake, ngumi imefumbatwa kama iliyoshika kitu. "Oketch akafurahi. Akasema, shemeji ameona sisi, sasa anaenda kuita watu. Akafunga shati kwa mti ndio wakikuja wasitupoteze."

Awuor alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini polepole.

"Mimi nilitaka tutoke," Walter aliendelea. "Nilisema tukate njia na panga mpaka kwa mafunjo, bado kuna mwanga. Labda tungefika, labda hatungefika. Oketch akakataa. Akasema watu wako njiani, tukihama hapa hawatatupata. Hata kelele tuliacha. Tukakaa, tukangoja. Giza ikaingia yeye anasema tu, ngoja, huyo mtu akiahidi analeta."

"Nilikuwa napima," Waliaula alisema.

"Unapima nini?"

"Umbali. Kwa picha."

Walter alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayejaribu kuelewa lugha asiyoijua. Alimaliza uji wake kwa heshima ya aliyempa, akashukuru, akaondoka.

Awuor alisimama.

"Iko wapi?"

"Mama Milka, kaa kwanza."

"Nionyeshe."

Alimpeleka kwenye chumba cha nyuma. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani, na hata katika mwanga hafifu wa kile chumba ilikuwa nzuri kuliko zote. Awuor hakuwa mtu wa picha, lakini hata yeye aliuona uzuri, na ndio uliomwumiza zaidi. Kijani kilikuwa kinapumua. Nyufa za maji zilikimbia kutoka kila pembe zikakutana upande wa kulia, na pale zilipokutana palikuwa na nyeupe kidogo, wima, iliyotulia.

Aliigusa. Rangi ilikuwa bado haijakauka, ikamng'ang'ania kwenye kidole.

"Hii ni shati ya Oketch."

"Nilipoichora sikujua. Naapa. Niliona mwanga tu."

"Sawa. Hukujua." Aliongea kwa sauti ya chini. "Agneta alipokuja hapa kuuliza, ulikuwa unaosha brashi. Uliacha kuosha. Mimi nilikuona umeacha, nikafikiri umeumwa na mdudu. Wakati huo pia hukujua?"

Awuor alichukua kitambaa cha kufutia rangi kilichokuwa kwenye kiti akampa. "Ifute."

Alikishika kitambaa. Alisogea mpaka karibu kabisa na turubai, akainua mkono, na mkono ukabaki hewani. Awuor alingoja. Alikuwa ameamua moyoni kwamba akiifuta atabaki naye, hata iwe vipi.

"Nikiitoa hii," Waliaula alisema mwishowe, "picha yote inakufa. Kila kitu kinaelekea hapo. Angalia mwenyewe."

"Nimeangalia."

Awuor alitoka, akaenda bichi, akawaambia watu.

Hawakumpiga Waliaula. Wazee walisema Oketch mwenyewe alimleta mtu huyu, na mtu aliyeletwa na marehemu hapigwi. Walimwacha. Akipita walinyamaza mpaka apite. Akisalimia, salamu ilianguka chini. Wenye mitumbwi waliwaambia watoto wao, mkinaswa ziwani mkaona mtu kwenye lile jiwe, hesabuni kwamba hakuna mtu.

Agneta ndiye aliyebuni adhabu nyingine. Waliaula aliporudi kwenye jiwe na turubai jipya, alimkuta hapo. Alikuwa amevaa nguo nyeusi ya kufiwa na leso ya buluu kichwani, mtoto mgongoni, na alisimama mbele yake, hatua chache tu, kati yake na ziwa. Hakusema neno. Alimtazama tu. Waliaula alisogea kushoto. Agneta akasogea kushoto. Akasogea kulia, naye akasogea.

"Agneta, tafadhali," alisema.

Agneta alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. Alisimama mpaka jua likazama, akaenda zake. Kesho yake alirudi. Na kesho kutwa. Alimaliza kazi za mchana, akambeba mtoto, akaja kumzibia mwanga. Watu wa bichi waliona ni haki. Wengine walimpelekea uji pale aliposimama.

Siku za kwanza Waliaula alirudi nyumbani na hakula. Awuor alimwekea chakula mezani bila kumtazama. Alianza kufikiri kwamba huenda wifi yake amempata kweli, kwamba mtu huyu anajifunza kitu kule kwenye jiwe. Maana usiku alimsikia akigeukageuka kitandani, na mara moja alimsikia akilitaja jina la Oketch.

Kisha akaanza kula tena. Akawa anaamka mapema, anachanganya rangi. Jioni moja alirudi akiimba kwa sauti ya chini. Awuor alingoja mpaka alipokwenda kuoga, akaingia chumba cha nyuma.

Alikuwa amemchora Agneta. Leso ya buluu ilikuwa imewaka ukingoni kwa jua la nyuma yake, nguo nyeusi haikuwa nyeusi bali zambarau iliyokolea, na kichwa cha mtoto kilichungulia begani kama mwezi. Nyuma yao maua ya magugu yalirudia rangi ya nguo, safu kwa safu, mpaka upeo wa macho. Chuki aliyokuja nayo mjane yule kila jioni ilikuwa imewekwa hapo kwa makini sana, mikunjo ya mdomo, macho yasiyopepesa, kila kitu.

Waliaula alimkuta amesimama mbele ya picha hiyo.

"Umemchora," Awuor alisema.

"Alisimama mwenyewe. Nilijaribu kuhama." Alisogea karibu na picha, na hakuweza kujizuia. "Unajua, mwanzoni niliona ananizibia. Halafu nikafinya macho. Tazama hii buluu ilivyo peke yake. Sikuwahi kupata buluu kama hii."

Awuor hakubishana naye. Asubuhi alifunga nguo zake na za Milka, aliyekuwa anakaribia kumaliza darasa la nane, wakaenda Sondu kwa dada ya mama yake Awuor. Waliaula aliwasindikiza hadi barabarani. Alibeba begi la Milka na alisema wasafiri salama.

Agneta naye, jioni ile, alikuta kwenye jiwe turubai kubwa zaidi limekwisha kupakwa udongo mwekundu, linamngojea. Alilitazama, akamtazama mwenye turubai, akaelewa. Akageuka akaenda zake na hakurudi tena. Inasemekana Waliaula alimfuata mpaka kwenye mafunjo akimwomba asimame kidogo tu, upande wa kushoto pamebaki patupu.

Picha zote mbili zilinunuliwa Nairobi. Waliaula aliendelea kuchora, akanenepa kidogo, akapata jina. Pale bichi hakuna aliyewahi kumsalimu tena, na baada ya muda akaacha kuliona hilo.

Awuor alifungua kibanda cha mboga Sondu. Mwishoni mwa mwaka wa 1999 alikwenda zahanati, kifua kikimbana, akakaa kwenye benchi na wagonjwa wengine. Ukutani palikuwa na kalenda mpya ya kampuni ya bima, na juu ya tarehe alimwona mke wa ndugu yake, na leso yake ya buluu, na mtoto mgongoni. Mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu naye aliitazama pia.

"Picha nzuri sana," alisema yule mama. "Huyu mama ana uso wa huzuni. Ni wa wapi, si wa ziwani?"

"Ni wa ziwani," Awuor alisema.

"Na hapo anatazama nini?"

Awuor alitaka kujibu, lakini kifua kilimbana, akakohoa kwa muda mrefu. Alipomaliza, yule mama alikuwa amekwisha kuitwa ndani.